Kifaransa cha kuongea na kuandika, anza hivi

Dada uliyeuliza, kwamba Kifaransa unakisoma unaelewa ila kuongea unakwama na barua ya kazi ndo kabisa, pole, tuko wengi. Anza na masikio. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana habari za Kifaransa rahisi, Journal en français facile, dakika 10 tu, sikiliza kwenye daladala halafu usiku rudia sentensi kwa sauti, kwa sauti kabisa sio kimoyomoyo. Sauti inayotusumbua sana ni ile ya tu na rue, sisi tunatamka u yetu na hapo dessus yako inasikika dessous, yani umesema juu mtu kasikia chini, sasa fanya hivi, kunja midomo kama unasema "u" ila ulimi uweke pale unaposemea "i", itatoka. Kariakoo Wakongomani wapo kibao wanafunga mzigo, wasalimie kwa Kifaransa, ulizia hata bei, wanachangamka kweli.

Kuandika kunataka mtu wa kukusahihisha, peke yako hutoboi. Alliance Française pale Upanga wana madarasa, na ukilenga DELF, ule mtihani wa cheti cha Kifaransa, jua kuandika ni maksi 25 na kuongea 25 kati ya 100, na sehemu yoyote ukipata chini ya 5 umefeli hata kama jumla ni nzuri. Barua ya kazi usimalizie na merci kavu, weka "Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées", ikariri ilivyo.