Barua kwa mwanangu: kisikilize kitunguu

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako limepata nafuu, na leo amekwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara mbili. Uliandika: "Mama, natia kila kiungo ninachokijua mpaka mchuzi unageuka kahawia, lakini haunukii kama wako, na ladha ya ubichi haitoki. Wako una nini ambacho wangu hauna?" Nilitaka nikujibu kwa simu, nikaona mambo ya jikoni kwa simu hayaishi, na ukikata tu nusu utakuwa umeisahau. Basi nimekuandikia. Ibandike hii barua karibu na jiko, hata ikipata madoa ya mafuta si neno.

Jibu lenyewe ni kwamba mchuzi wangu una vitu vichache kuliko wako. Kitunguu, nyanya, thomu (hicho kitunguu saumu), tangawizi, chumvi, na viungo vitatu: manjano, bizari nyembamba na giligilani. Basi. Kilichozidi kwangu ni robo saa ya mwanzo, kabla tone la maji halijaingia sufuriani.

Nikufikirie ulivyo huko Njombe. Umetoka kazini, baridi inakukata, una njaa. Unawasha ule mtungi mdogo wa gesi, moto unaruka, sufuria nyepesi inapata joto kufumba na kufumbua. Unatia kitunguu, dakika mbili tatu unaona kimeanza kubadilika, unamimina nyanya na maji, unatia vijiko vitatu vya viungo, unafunika. Nimekosea? Wewe umekulia kwenye jiko la mkaa, na mkaa una subira yake. Ukishakolea unaanza kupoa wenyewe, na kitunguu kinaiva taratibu hata mpishi akiwa na haraka. Gesi haikungojei. Inapiga katikati ya sufuria, pale kitunguu kinaungua huku cha pembeni bado kibichi. Kwa hiyo punguza moto mpaka ubaki mdogo, halafu simama hapo hapo.

Sasa kisikilize kitunguu. Nisemalo ni hilo hasa, tumia masikio. Kikiingia kwenye mafuta kinalia kwa fujo, chwaaa, hayo ni maji yake yanatoka. Dakika ya nne au ya tano kelele inapungua, kitunguu kinalainika na kuanza kung'aa. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo ulipokuwa ukiishia wewe. Endelea kukigeuza. Dakika ya kumi hivi kimenyamaza kabisa, kimebaki na mchemko mdogo wa mafuta, kingo zimeshika rangi ya dhahabu, na harufu imeacha ule ukali wa machoni imekuwa tamu. Utamu huo ni sukari ya kitunguu chenyewe. Kikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko, uendelee. Kikifika kwenye kahawia iliyokoza umechelewa, mchuzi utakuwa na uchungu.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinipa mgongo anamenya viazi huku mimi nimesimama jikoni, mke mpya ndani ya nyumba yake. Alikuwa akisema "geuza," kisha kimya, kisha "geuza," kisha "haya, tia thomu." Hakugeuka kutazama hata mara moja. Nilidhani anahesabu moyoni. Ilipita miezi ndipo nikamuuliza, akanijibu neno moja tu: "Kimenyamaza." Tangu siku ile sijaunga mchuzi kwa kutazama saa.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Thomu na tangawizi vilivyopondwa pamoja, nusu dakika, maana thomu huungua upesi. Kisha viungo, na hapa ndipo penye kosa lako la pili. Viungo vinaingia kwenye mafuta, haviingii kwenye maji. Harufu ya bizari na rangi ya manjano hushikana na mafuta, na maji hayawezi kuzitoa vizuri. Ukivimwaga juu ya mchuzi unaochemka vinaelea kama vumbi, na ulimi unapata ladha ya unga. Ule ubichi ulionilalamikia ndio huo, na ukizidisha kijiko cha nne unazidisha ubichi. Vitie kwenye mafuta moto ukiwa mdogo, koroga mpaka harufu ikupande puani, kama nusu dakika, na nyanya ziwe tayari mkononi kwa sababu manjano ikiungua hairekebishiki.

Nyanya zikwaruze au uzikate ndogo ndogo, tia na chumvi kidogo ili zitoe maji. Hapa tena usikimbilie kuongeza maji. Ziache zivunjike, rojo liwe zito, mpaka uone mafuta yamejitenga na kupanda pembeni. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya rojo kurudi, mchuzi wako umeshaungwa. Ukifika hapo chochote utakachotia kitapokea ladha, iwe viazi, bilinganya, bamia, samaki au mayai ya kuchemsha.

Nyanya zikipanda bei usikose raha. Nyanya ni mgeni hapa kwetu, asili yake ni Amerika, sawa na muhogo na pilipili hizi kali. Vasco da Gama alipopita Mombasa na Malindi mwaka 1498 hapakuwa na mtu pwani hii aliyewahi kuionja. Uchachu ulipatikana kwa vitu vingine, na ukwaju tunao mpaka leo. Loweka kipande cha ukwaju kama nusu ya kiganja kwenye maji ya moto, ukamue, uchuje, utie mchuzi ukikaribia kuiva. Mimi kwa bamia na samaki napenda ukwaju kuliko nyanya, na baba yako analijua hilo.

Kuhusu viungo vyenyewe: acha kununua vilivyosagwa vya pakiti. Vikishasagwa harufu inaanza kuondoka, na hujui vimekaa dukani tangu lini. Nunua vizima kidogo kidogo. Vijiko viwili vya giligilani na kimoja cha bizari nyembamba, kaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, tikisa mpaka vianze kunukia na kudatadata, epua, poza, twanga. Changanya na nusu kijiko cha manjano. Hiyo ni bizari ya mchuzi ya wiki mbili kwa mtu mmoja, na kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria moja. Iliki, mdalasini na karafuu viache kwa pilau. Najua huko Muheza kwa wajomba zako vimejaa mashambani, mtu anatamani kuvitia kila mahali, lakini mchuzi wa mboga uliotiwa karafuu unanukia karafuu tu, mboga yenyewe huisikii.

Uanze na viazi na njegere, maana vyote viwili huko kwenu ni vizuri kuliko vinavyotufikia sisi. Kwa wewe na mgeni mmoja: kitunguu kikubwa kimoja, vijiko vitatu vya kulia vya mafuta, punje tatu za thomu, tangawizi kipande cha dole gumba, nyanya tatu, kijiko cha chai cha ile bizari ya mchuzi, viazi vitatu na kikombe cha njegere. Ukishaunga kama nilivyokueleza, tia viazi vilivyokatwa robo, vigeuze vipakike rojo, ndipo umimine maji ya moto yafike usawa wa viazi. Yawe ya moto, ya baridi yanausimamisha mchuzi. Njegere mbichi zinaingia viazi vikiwa nusu kuiva, la sivyo zitapondeka. Mwisho tui.

Nazi ya tui ulikuwa ukiikuna mwenyewe ulipokuwa mdogo, umekaa juu ya mbuzi ya kukunia ukila nazi nusu na nusu inaingia sahani. Huko nazi zinafika sokoni zimesafiri mbali, kwa hiyo chagua kwa makini: itikise karibu na sikio, maji yake yasikike, na ukague yale macho matatu yasiwe na unyevu wala ukungu. Ikuna, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa nguvu. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Chicha iongeze maji, kamua tena. Hilo jepesi ndilo unalopikia viazi badala ya maji matupu. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga bila kuacha wala kufunika, mpaka lianze kutokota tu. Ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, unapata mafuta juu na machicha chini. Na ndimu ukiitaka, kamulia baada ya kuepua.

Usipopata nazi, tumia karanga kama wafanyavyo wenyeji wa bara. Kaanga, menya maganda, twanga ziwe laini, koroga na maji ya uvuguvugu, utie dakika kumi kabla ya kuepua huku unakoroga, maana hushika chini. Kwa mboga za majani, karanga hazina mpinzani.

Mboga za majani sitasema mengi. Mchicha hauhitaji maji hata kidogo, ule unyevu wa kuoshea unatosha. Kitunguu, nyanya moja, mchicha juu, dakika tano bila kufunika, basi. Usitie magadi kwa kutaka ubaki kijani, unaua vitamini. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa sayansikimu hivyo hivyo, na nilikuwa nikiwaambia pia kwamba vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri mwilini bila mafuta, kwa hiyo tui au karanga juu ya mchicha si anasa. Kabichi ya huko ikate nyembamba sana, ipike kwenye moto mkubwa muda mfupi na manjano kidogo, ibaki na ugumu wake. Kabichi iliyochemshwa mpaka ikalala inanihuzunisha. Kisamvu ukikipata, kitwange, na ukichemshe vizuri bila kufunika, saa moja au zaidi, kabla ya kukiunga; majani ya muhogo yana sumu ambayo lazima itoke.

Umelalamika pia kwamba maharage hayaivi, ukadhani muuzaji kakupa ya zamani. Huenda hana kosa. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100 kama hapa Tanga. Sufuria inatokota lakini joto ni dogo, basi maharage yanachelewa. Yaloweke usiku kucha, yamwage hayo maji, chemsha kwa maji mapya na kifuniko kizito. Na nyanya usizitie mpaka yawe yamelainika kabisa, kwa sababu uchachu wake unayafanya yagome. Ukipata pesa mwezi ujao nunua sufuria ya presha, huko haitakuwa anasa kwako.

Nimekufungia kifurushi, kitakuja na basi la Jumatano. Ndani mna giligilani na bizari nyembamba kwenye karatasi mbili mbalimbali, manjano kwenye kichupa, ukwaju, nazi tano, na kile kinu kidogo cha bibi yako. Mchi wake umepata ufa, usiutwangie kwa hasira. Na nimekutilia mwiko wa mti, maana kijiko cha bati kinakukwangulia sufuria.

Ijumaa ukirudi kazini pika zile njegere. Ukishatia kitunguu nipigie, uiweke simu karibu na sufuria, usiseme kitu. Nitakwambia lini utie thomu.

Mama yako