Kabla hujaandika "impeccable" kwenye barua ya kazi

Barua nyingi za kuomba kazi zinazochapwa kwenye saiba za Nairobi zina neno hili: nidhamu impeccable, Kiingereza impeccable. Mara nyingine lina c moja. Hapo mwajiri ana kila sababu ya kucheka, maana neno la kudai kwamba hukosei lenyewe limekosewa.

Ukijua asili yake, tahajia haikusumbui. Kwa Kilatini peccare ni kutenda dhambi, na in- ni kikanushi kinachogeuka im- mbele ya p. Zile c mbili ni za mzizi. Mwisho ni -able kwa sababu kitenzi ni cha -are. Infallible ina -ible kwa kuwa imetokana na fallere, kudanganya. Mkazo uwe kwenye pe. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi huukandamiza kwenye ka.

Wakatoliki wanaijua peccavi ya sala ya kuungama, ambayo kwa Kiswahili ni "nimekosa". Tazama: kosa letu hubeba dhambi na hitilafu pamoja. Kiingereza nacho kilipolichukua impeccable, karne ya 16, lilikuwa la wanateolojia, likimaanisha asiyeweza kutenda dhambi, yule ambaye Waislamu humwita maasumu. Baadaye ndipo likashuka hadi kwenye adabu na mavazi.

Kwa hiyo lipeleke kwenye mwenendo: adabu, rekodi ya kazi, ladha, kujua wakati wa kusema. Kitu kisicho na kasoro kiite flawless. Almasi hupewa daraja hilo ikiwa mtaalamu haoni kasoro ndani wala juu yake kwa kioo cha kukuza mara 10. Shati la kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, kutoka soko la Gikomba, jeupe pe, ni immaculate, kwa kuwa macula ni doa. Usiandike very impeccable, kwani aliyeepukana na dhambi zote hana pa kuongezewa.

Kwa Kiswahili andika "isiyo na dosari". "Kamilifu" iachie perfect, ambayo asili yake ni kukifanya kitu hadi kikaisha.

Na kama una ushahidi, lifute kabisa. "Nimeshika fedha za duka miaka 3 bila upungufu" inaweza kuthibitishwa kwa simu moja, impeccable haiwezi.