Tuliugua mwaka jana, mbona tumerudia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia jiko la hosteli ya wanafunzi hapa Sinza. Mwaka jana wanafunzi zaidi ya 30 walitapika na kuhara siku mbili, wakapona. Mwaka huu imerudi, na baadhi ni walewale. Kipindupindu kilipimwa, hakikuonekana. Tukaambiwa huenda ni norovirusi. Nilidhani ukishaugua unapata kinga, kama surua. Na vitakasa mikono vipo kila meza. Tunakosea wapi?

Jibu: Njema, mama. Pole kwa kufua mashuka mara mbili.

Kinga waliipata, ila kirusi kilichorudi huenda si kilekile. Surua ukiiugua mara moja, mwili huitambua hadi uzeeni. Norovirusi haikamatiki hivyo. Vinasaba vyake ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 7,500, na kimeng'enya kinachounakili hakisahihishi makosa yake. Kila nakala hutoka na kosa hapa na pale. Mengi hayakisaidii kirusi kitu, mengine hukiua. Machache huangukia kwenye ncha za ganda la nje, pale kingamwili, askari wa mwili, zinaposhika, na hayo ndiyo hukiokoa.

Fikiria daladala. Ya njia yako unaijua kwa mstari wake tangu ikiwa mbali. Mwenye gari akibadili rangi, itapita mbele yako nawe umekaa kituoni, kumbe injini na konda ni walewale. Tena kirusi hiki kina ujanja wa pili: aina mbili zikikutana ndani ya mtu mmoja hubadilishana vipande, injini ya hii ikafungwa kwenye bodi ya ile. Fundi magari wa mtaa wa Gerezani angeelewa mara moja.

Jina lake limetoka Norwalk, mji wa Ohio, Marekani, ambako wanafunzi wa shule ya msingi waliugua mwaka 1968. Tangu katikati ya miaka ya 1990 ukoo uitwao GII.4 ndio uliotamba zaidi duniani, ukivaa sura mpya kila baada ya miaka michache: Farmington Hills 2002, Hunter 2004, New Orleans 2009, Sydney 2012. Hata watoto wenye kuhara waliopimwa hapa Dar es Salaam walikutwa nao. Kisha ukoo mwingine, GII.17, ukachomoza China na Japani msimu wa 2014/15, na msimu wa 2024/25 ndio uliokuwa mbele Marekani. Sura ngeni ikitua kwenye umati ambao kingamwili zake zinaijua ya zamani tu, mlipuko hupata njia nyeupe. Na hata dhidi ya sura ileile, kinga huchakaa kadiri miaka inavyopita.

Utaona pia wapo waliokula sahani moja na wagonjwa wasidhurike. Kirusi hujishikiza kwenye sukari fulani za ukuta wa utumbo, na wapo waliozaliwa bila sukari hizo. Hawa aina nyingi huwapita, ingawa si zote.

Lakini nisikupotoshe. Haya yanaeleza kwa nini walewale wameugua tena. Hayaelezi kirusi kiliingiaje jikoni. Hapo mimi huangalia mikono kwanza. Chembe zisizofika 100 zinaweza kumwangusha mtu, na mpishi aliyepona huendelea kuzitoa chooni kwa wiki mbili au zaidi. Akae nje ya jiko angalau saa 48 baada ya kuacha kuhara na kutapika, kisha akirudi asiguse kachumbari kwa siku kadhaa. Kama analipwa kwa siku, mlipeni siku hizo mbili, la sivyo atakuja tu na atawaficha.

Vitakasa vya spiriti tulivizoea wakati wa Korona, na kwa kirusi kile vilifaa kwa sababu kina utando wa mafuta. Norovirusi haina utando huo, kwa hiyo spiriti haikifanyi kitu cha maana. Sabuni na maji tiririka ndiyo hukiondoa mikononi. Palipotapikwa, futeni kwanza, kisha mwageni jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, ikae dakika 10. Mfutaji avae glavu na barakoa, maana matapishi hurusha chembe hewani.

Ikitokea tena, mpigieni afisa afya wa kata siku hiyohiyo, hasa mkiona kinyesi cha maji ya mchele, kipindupindu hakingoji. Ombeni pia sampuli za kinyesi za wagonjwa kama 5 zichukuliwe ndani ya siku tatu za kwanza. Kipimo cha Widal cha taifodi, ambacho wengi hukimbilia, hakitawaambia lolote. Vinasaba vikisomwa kutoka sampuli hizo ndipo itajulikana kama ni aina mpya au ni ileile iliyobaki kwenu.