Kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta: anza na Juan de Pareja

Mkuu, umeuliza kama mtu anayejifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta aanze na picha za simu au anakili kazi ya bingwa, na kama kunakili si wizi. Nakili, mkuu, na uanze na Juan de Pareja, picha ya sura ya mtu huyo iliyochorwa na Velázquez, bingwa wa Hispania. Nakala ile ilinifundisha mengi kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Wizi haupo. Velázquez alifariki 1660, hakimiliki haipo tena, na hata mabingwa walinakili: mchoraji Rubens, akiwa tayari na jina kubwa, alikaa Madrid 1628 hadi 1629 akinakili kazi za Titian, mchoraji aliyemtangulia. Andika "nakala" nyuma ya turubai, basi.

Nimechagua picha hii kwa sababu ya ngozi. Mafunzo mengi ya mtandaoni ni ya ngozi ya Mzungu. Ukija kumchora mjomba wako unachukua kahawia ya kwenye tyubu, unaongeza nyeupe upate mwanga, na sura inapauka kama iliyopakwa majivu. Pareja alikuwa na asili ya Kiafrika, mtumwa katika karakana ya Velázquez. Alichorwa Roma mwaka 1650, na mwaka huohuo Velázquez akasaini hati ya kumwacha huru. Baadaye alichora kazi zake kwa jina lake mwenyewe. Mtazame anavyokukazia macho, hana unyonge hata chembe!

Picha iko Metropolitan Museum, New York, na kwenye tovuti yao unaipakua bure, kubwa ya kutosha kuona mipigo ya brashi. Chapisha moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe. Hiyo ya pili utaitazama zaidi, maana mwanga na kivuli vikikaa sawa, sura inakuja hata rangi ikikosea kidogo.

Rangi tano zinatosha: nyeupe, oka (njano ya udongo), nyekundu ya udongo, umba (kahawia iliyoiva ya udongo) na nyeusi. Bluu iache dukani. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe, ikiwekwa kando ya rangi za udongo, jicho linaiona ya bluu.

Kwanza lipake turubai lote kijivu cha kahawia likauke, kwa sababu juu ya nyeupe tupu kila rangi inaonekana ya giza kuliko ilivyo. Kisha finya macho, na kwa umba iliyolegezwa na tapentaini weka vivuli vikubwa tu. Macho na midomo visubiri.

Kwenye ngozi ndipo pa kukaa sana. Rangi ya kivuli ipakwe nyembamba, umba na nyekundu, bila nyeupe kabisa. Sehemu ya kati, pale mwanga unapogeukia kivuli, tia oka na nyeusi kidogo. Itatoka kijani kilichofifia, nawe utashtuka, lakini iache. Mwanga upandishe kwa oka na nyekundu kwanza, nyeupe ije mwisho na iwe kidogo. Kuza paji la uso uone jinsi eneo lenye mwanga mkali lilivyo dogo.

Halafu kuza kola ya lesi. Wanaoanza huhesabu nyuzi. Velázquez aliweka mipigo michache ya nyeupe nzito akaondoka. Nywele nazo zinazama kwenye kijivu cha nyuma, huoni zinapoishia, na mkono ameugusa kwa haraka. Nguvu yote iko usoni.

Safu za chini ziwe na tapentaini, za juu ziongezewe mafuta ya kitani. Ukigeuza, rangi itapasuka baadaye. Fungua madirisha, na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinaweza kujipasha moto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Ukimaliza, kabla hujanakili nyingine, mkalishe mtu wa nyumbani karibu na dirisha umchore kwa rangi hizohizo tano.