Nakili kwanza, panga baadaye

Swali la wiki hii lilihusu diski ya zamani iliyojaa picha za familia: sasa inachelewa kufunguka, na baadhi ya folda zinagoma. Mwenyewe aanzie wapi? Mimi nasema aanze kunakili, na asiguse jambo lingine mpaka amalize.

Nasisitiza hivyo kwa sababu wengi wetu huanza kwa kupanga. Tunafungua picha moja moja, tunafuta zinazojirudia, tunabadilisha majina ya folda. Diski isiyo na tatizo itavumilia, lakini iliyochoka inamaliza uhai wake katika kazi ambayo ingeweza kusubiri. Ndani yake visahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo maelfu ya mara kuliko unene wa unywele. Kichwa kikigusa sahani, hukwangua utando wa sumaku wenye data, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Basi itegee sikio. Mvumo laini ni wa kawaida. Ukisikia tk, tk, tk inayojirudia, kisha inanyamaza na kuanza upya, izime na uichomoe. Hiyo ni kazi ya mafundi wa kurejesha data, na kila unapoiwasha tena unawapunguzia nafasi ya kufanikiwa. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza achana nao kabisa. Unyevu utaganda humo ndani.

Kama bado inasomeka, jiulize ni picha zipi hazipo kwingine kokote. Za harusi ya juzi zimo kwenye simu za nusu ya ukoo. Za babu aliyekwisha kututoka huenda zimo humo tu. Anza na hizo, folda moja moja, maana ukiburuta diski yote kwa mkupuo, faili moja bovu linaweza kusimamisha kazi nzima. Yakigoma mengi, ipo programu ya bure iitwayo ddrescue: husoma kwanza sehemu nzima, huruka mbovu, huweka kumbukumbu ya ilipofikia, kisha hurudi kuzijaribu zilizobaki. Inataka diski ya kupokelea yenye nafasi ya kutosha, na uvumilivu. CHKDSK ya Windows na programu nyingine za kukarabati diski zisubiri, kwa kuwa huandika kwenye diski ileile unayojaribu kuiokoa.

Ukishanakili, kagua. Idadi ya faili kulingana hakutoshi. Fungua picha kwa ukubwa wake kamili, kwani kile kijipicha kidogo mara nyingi huhifadhiwa kivyake ndani ya faili; kinaweza kuonekana safi, kumbe picha yenyewe nusu ya chini imegeuka kijivu tupu. Video ikikataa kuingia kwenye diski mpya, tazama mfumo wa kupanga faili wa diski hiyo: FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, exFAT inapokea.

Tena, tafadhali, msihamishe picha hizi kwa kutumiana kama picha za kawaida kwenye WhatsApp. Hubanwa, na tarehe ya kupigwa iliyomo ndani ya faili hupotea. Miaka 30 ijayo mjukuu atataka kujua mama yake alikuwa na umri gani pale.

Kuhusu hifadhi ya baadaye, nafuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumbani. Hifadhi ya mtandaoni inafaa kuwa hiyo ya mbali, ila angalia kama inalandanisha tu, maana ukifuta kwenye simu inafuta na huko. Diski kuukuu usiitupe wala kuifuta mpaka nakala zote ziwe zimekaguliwa. Nywila ya akaunti ya hifadhi ya mtandaoni pia, awepo mtu mwingine wa familia anayeijua.