Barua kwa mwanangu: nani mzembe?

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye simu kwa nini wewe ulitumwa dukani ungali mdogo, ila leo ukimtuma mjukuu wangu majirani wanakuita mzazi mzembe. Mitaa imejaa watu wabaya kuliko zamani?

Watu wabaya walikuwepo. Na utoto wako usiupambe sana: surua na malaria zilitumalizia watoto, na mpita njia yeyote alijiona ana haki ya kuwachapa. Lakini balozi wa nyumba kumi alikufahamu, na asiyejua jina lako alijua wewe ni wa nani.

Mwaka 1983 daladala za watu binafsi ziliruhusiwa Dar kwa kuwa mabasi ya UDA, shirika la umma, hayakutosha. 1986 nchi ikakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kulegeza soko, na miaka ya tisini shule za kulipia zikaota kila kona. Sikatai, daladala zilituokoa. Ila simama kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Konda kaziba mlango kwa mkono, anapaza, "Wanafunzi wawili tu!" huku watu wazima wakipenya chini ya kwapa lake. Si roho mbaya. Mwanafunzi analipa pungufu, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Kwenye hesabu hiyo, mtoto ni hasara iliyovaa sare.

Mwenye uwezo akajinunulia njia yake: basi la shule, geti, mlinzi. Wengine wakapeleka bweni watoto wanaokojoa kitandani bado, mpaka Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2023 kwa walio chini ya darasa la tano. Usalama ukishauzwa, asiyenunua anaonekana hapendi mwanawe. Hapo ndipo lilipotoka hilo jina unaloitwa. Dada wa kazi anayemwachia mwanawe ufunguo wa chumba alfajiri huitwa hivyo zaidi yako, wala hakuna anayemuuliza analipwa shilingi ngapi.

Halafu barabara ya mbele ya shule yenu haina tuta wala njia ya miguu, pikipiki zinapita kama mshale. Sijasikia jirani akimwita mzembe aliyeijenga.

Mjukuu mtume. Mwenye duka mjulishe kwanza, na usimpe noti kubwa. Kuhusu tuta, nendeni serikali ya mtaa wazazi wengi pamoja, mkadai muhuri kwenye nakala ya barua yenu. Barua ya mzazi mmoja hupotelea mezani.

Mama yako