Cheche kwenye mota ya tramu: usikimbilie msasa

SWALI: Mimi ni fundi wa mota kutoka Bujumbura, sasa naishi Maine, Marekani. Wikiendi najitolea kukarabati tramu za zamani. Mota moja ya volti 600 DC (mkondo wa moja kwa moja) inatoa cheche nyingi kwenye brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, kila tunapoondoka. Wenzangu wanataka tusugue kwa msasa komyuteta, yaani silinda ya vipande vya shaba inayozunguka chini ya brashi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu, na mkisugua kwanza mtafuta ushahidi. Ugonjwa wa komyuteta huonekana usoni pake. Ikiwa ni ya kahawia iliyokolea, sawasawa pande zote, iacheni; utando huo ndio unaoipa brashi njia laini. Mkiona vipande vyeusi vinavyojirudia kwa mpangilio, tafuteni koili iliyokatika au lehemu iliyoachia. Ikiungua upande mmoja tu, huenda imepoteza uduara. Pigeni picha kabla ya kugusa chochote, na msiguse kabla mkono wa juu unaochukua umeme haujaondolewa kwenye waya, ukashushwa na kufungwa.

Halafu brashi. Zipande na kushuka kwenye vishikio bila kukwama wala kuyumba. Springi zipimeni kwa mizani ya kuvuta, zilingane. Iliyolegea huifanya brashi irukeruke, na kila ikiruka inatoa cheche.

Mimi lakini ningeanza kuishuku mika, ile kinga ya umeme iliyo kati ya vipande vya shaba. Mota nyingi za zamani zilitoka kiwandani mika ikiwa usawa mmoja na shaba, kwa sababu brashi za wakati ule zilikuwa ngumu na ziliila pamoja na shaba. Brashi laini za leo haziiwezi. Shaba inalika, mika inabaki imeinuka, brashi inadunda juu yake. Pitisheni ukucha: ukikwaruza kwenye kila mwanya kati ya vipande, jibu mmelipata. Ichongeni ishuke kama milimita 1 chini ya shaba, kisha lainisheni kingo za shaba. Msasa wa kumalizia uwe wa kawaida, si wa emeri, maana chembe za emeri hupitisha umeme zikinasa kati ya vipande. Vumbi la kaboni livuteni kwa mashine. Mkilipuliza kwa kompresa mnalisukuma ndani ya koili.

Nasisitiza haya kwa sababu shaba ile ikisagwa hairudi. Makumbusho ya tramu ya Seashore, huko huko Maine, yalianza 1939 kwa tramu moja, namba 31, iliyonunuliwa kwa dola 150. Wakati ule tramu nzima ilinunulika; leo hata komyuteta ya mota kama hizo huipati dukani.

Baada ya majira ya baridi pimeni insulesheni, yaani kinga ya umeme ya nyaya, kwa megga, mita yake maalumu. Ikisoma chini ya megaohm 1.6 (ohm milioni 1.6), kausheni mota kwa joto la taratibu kabla ya kuiwasha.

Na mtazameni dereva. Akizungusha haraka kontrola, mpini wa kuongeza mwendo, rezista zinazozuia mkondo zinatolewa kabla tramu haijashika mwendo, na mkondo unapanda ghafla. Mwombeni apande hatua moja moja, huku mmoja wenu akitazama brashi kwa usalama. Cheche zikipungua, msifungue mota bado. Kagueni kwanza rezista, kama hakuna iliyovunjika.